Kuhamisha jiko na maji ya moto kutoka umeme kwenda gesi: je, hesabu inakubali?

Mkazi wa Njiro aliandika:

Wanajamvi, habari za jioni. Ninaishi Njiro, Arusha, pamoja na mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi, katika nyumba ambayo tangu tulipohamia kila kitu kinaendeshwa kwa umeme: jiko la pleti nne lenye oveni, hita ya maji ya lita 80, friji moja, pampu ndogo ya kupandisha maji kwenye simtanki, pasi, televisheni na taa. Kwa miezi minne mfululizo nimekuwa nikiandika katika daftari kila ninaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na wastani umetoka shilingi 125,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa mshahara wangu wa ualimu kinauma. Zaidi ya hapo, umeme ukikatika jioni mama akiwa ameshabandika ugali, nyumba nzima hubaki ikitazamana.

Kwa sababu hizo ninafikiria kuhamia gesi kabisa kwa upande wa kupika na kuoga, na jirani mmoja amenishauri nihamishe hata friji. Shemeji yangu anayeishi Mikocheni, Dar es Salaam, ambaye nyumba yake imeunganishwa na gesi ya bomba, ameniahidi jiko lake la zamani bado likiwa zima, kwa hiyo gharama ya jiko huenda nikaiepuka. Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie kujua kama kweli nitapunguza matumizi, mtungi wa ukubwa gani unafaa, unawekwa wapi, na nyaya za jiko la umeme zifanywe nini. Mtungi wa kilo 15 huku kwetu ninauziwa shilingi 60,000.

Fundi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkazi wa Njiro, umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawakuwahi kulifanya, nalo ni kuandika manunuzi, kwa hiyo tuanze na daftari lako kabla ya kufika kwenye mtungi. Ukiondoa shilingi 1,500 za kodi ya jengo zinazokatwa kwenye LUKU kila mwezi, zinabaki 123,500. Na kwa kuwa mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida ya nyumbani, akinunua umeme wa shilingi 10,000 hupata uniti 28, yaani takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo zake, nyumba yako inakula uniti 346 hivi kwa mwezi.

Sasa tuulize ni nani anayezila. Kupasha lita 80 za maji kutoka nyuzi 19 hadi nyuzi 60 huhitaji uniti 3.8, na uniti nyingine moja hivi hupotea kila siku tangi likiwa limekaa tu na joto lake bila mtu kuoga, hasa kama hita yenu huachwa ikiwaka mchana kutwa. Hiyo ni karibu uniti 145 kwa mwezi. Familia ya watu sita inayopikia umeme peke yake hutumia kiasi cha uniti nne kwa siku, yaani 120. Zilizobaki, uniti 81, ndizo za friji, pampu, pasi, televisheni na taa. Haya ni makadirio yangu, nawe unaweza kuyahakiki kwa kuizima hita siku tatu na kusoma mita asubuhi na jioni.

Tuje kwenye gesi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto linalolingana na uniti 12.8 za umeme, lakini moto wa jiko hulamba ubavu wa sufuria na kupotelea hewani, kiasi kwamba kinachoingia kwenye chakula ni zaidi kidogo ya nusu, tuseme uniti saba. Pleti ya umeme nayo huingiza kwenye chakula kama asilimia 70 ya inachokula. Kwa hiyo uniti zako 120 za kupikia, ambazo zinakugharimu shilingi 42,720, huzaa joto la chakula la uniti 84, na joto hilo hilo kwa gesi linahitaji kilo 12, ambazo kwa bei uliyoitaja ni shilingi 48,000. Umeona? Kwa kupika utaongeza gharama kwa zaidi ya shilingi 5,000, ingawa ninakiri kwamba mpishi mwangalifu anaweza kuipunguza tofauti hiyo, kwa sababu gesi huzimwa papo hapo chakula kikiiva, ilhali pleti huendelea kutoa joto ambalo halina kazi tena.

Kwa upande wa maji hesabu inageuka. Hita ya gesi ya papo hapo haina tangi la kupoa, nayo huingiza kwenye maji karibu asilimia 80 ya joto lake, hivyo maji yenu ya mwezi mzima yatahitaji kilo 11 na kidogo, yaani takriban shilingi 45,000, wakati umeme unakula 51,620. Hapo unaokoa kama 6,800. Ukitoa ulichopoteza jikoni, faida ya kuhamisha vyote viwili ni shilingi 1,500 hivi kwa mwezi, sawa na kodi ya jengo yenyewe, na bado hujanunua mitungi, regulita ya kupunguza msukumo wa gesi, hita wala kumlipa fundi.

Kuna njia moja tu ambayo ninaiona ina fedha ya kweli ndani yake. Wateja wa kundi la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, yaani 122 ukijumlisha kodi na tozo, ilimradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Ukiondoa jiko na hita, utabaki na uniti 81, na kuzibana uniti sita kwa taa na pasi si kazi ngumu. Uniti 75 kwa bei ya T1 ni shilingi 26,700, na kwa D1 ni 9,150. Hata hivyo TANESCO ndio wanaokupanga kundi kwa kutazama matumizi yako, kwa hiyo usiiweke fedha hiyo mfukoni kabla hujahamishwa. Tena ujue kwamba uniti ya 76 na kuendelea hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, bei ambayo ni kubwa kuliko ya T1, kwa hiyo mwezi mtakaopokea wageni utauhisi.

Nitoe na angalizo kwa wengine wanaosoma. Nimewaona watu wa D1, wenye chumba na sebule, wakinunua mtungi wa kilo sita kwa kuamini kwamba wanaukimbia umeme wa ghali, kumbe joto la chakula linalowagharimu shilingi 174 kwa uniti kwenye pleti yao linawagharimu 571 kwenye gesi. Wao wangebaki na umeme, na gesi iwe ya siku za kukatika tu.

Friji ya gesi, Ndugu yangu, achana nayo. Zipo, na zinafaa kambi za watalii huko porini ambako hakuna waya, lakini bei yake ni kubwa, moto wake hauzimwi usiku wala mchana, na ungekuwa unanunua mtungi ili kupoza maziwa.

Mama Makande alijibu:

Ninamuunga mkono Fundi katika hesabu, ila ninaomba niongeze jambo ambalo daftari la LUKU halilionyeshi. Mimi ninaishi Sakina, hapa hapa Arusha, na nilihamia gesi miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kukatika kwa umeme, si kwa sababu ya bei. Familia yetu ni ya watu watano, na mtungi wa kilo 15 hutufikisha siku 36 hivi, lakini hesabu hiyo ni ya tangu nilipoacha kuchemshia maharage na makande kwenye gesi. Huku kwetu mwinuko ni mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa hayajafika nyuzi 100, yanaishia kama 95. Ndiyo maana mahindi ya makande yanayoiva Tanga kwa muda fulani, hapa yanakulazimu kuongeza kuni, gesi au chochote ulicho nacho. Nilinunua jiko la presha la umeme, ambalo hupika kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, na tangu hapo gesi imebaki kuwa ya ugali, chai, mboga na kukaangia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiling'oe jiko la umeme, wala usiingie katika ushindani wa nani ashinde kati ya umeme na gesi. Pika kila kitu mahali kinapopikika kwa nafuu, na uwe na njia ya pili siku moja ikikwama.

Jambo jingine, Baba, ni mizani. Mwaka wa kwanza nilinunua mtungi katika duka moja ambalo sitalitaja, ukaisha siku ya 22, nikawalaumu wanangu kwamba wanaacha jiko likiwaka. Mtungi uliofuata niliupeleka kwa muuza nafaka, nikaupima kwenye mizani yake, ukapungua kilo tatu na nusu. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ujumlishe na kilo 15, na jumla hiyo ndiyo inayopaswa kusomeka. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani dukani, na kupimiwa ni haki yako. Nilipoanza kuomba nipimiwe, duka lile likaanza kuniambia mizani imeharibika, nami nikahama.

Bomba la Mikocheni alijibu:

Ndugu mwuliza swali, ninaishi mtaa mmoja wapo wa Mikocheni ulio na gesi ya bomba ya TPDC, shirika la petroli la taifa, na ninakusihi usilichukue jiko la shemeji yako kabla hujasoma haya.

Gesi inayotufikia sisi ni gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo karibu yote ni methani. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na kwa ujazo ule ule ina joto karibu mara mbili na nusu ya methani, tena huletwa jikoni kwa msukumo mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo nozeli, yaani kile kitundu kidogo ambacho gesi hupenyea kabla ya kuwaka, hutobolewa kubwa zaidi kwenye jiko la gesi asilia. Jiko la shemeji yako likiunganishwa na mtungi kama lilivyo, litatoa moto mrefu wa njano, masizi yatafunika sufuria zote, na gesi nyingi itatoka bila kuungua vizuri. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo kinyumenyume: nilileta jiko la mtungi kwenye bomba, moto ukawa mdogo kama wa kibatari, mpaka fundi alipobadilisha nozeli zote nne na ya oveni. Ikiwa modeli hiyo ina nozeli zake za gesi ya mtungi, zibadilishwe, na skrubu ya moto mdogo irekebishwe pia. Ikiwa hazipatikani, mwachie shemeji jiko lake kwa shukrani. Tafadhali usikubali fundi anayeziba kitundu kwa kugonga au kukitoboa upya kwa sindano.

Kuhusu kusubiri bomba lifike Arusha, sikushauri. Bomba kubwa lililokamilika mwaka 2015 linatoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na majumba yaliyounganishwa yako katika mikoa hiyo ya pwani.

Mwenyeji wa Ngong alijibu:

Ninaandika kutoka Kenya, kando ya Nairobi, ambako baridi yetu na yenu ya Arusha ni ndugu. Sina la kuongeza juu ya majiko, ila ninaomba tukae kidogo juu ya hiyo hita ya gesi ambayo Fundi ameionyesha kuwa na nafuu.

Nyumba tuliyopanga awali ilikuwa na hita ya aina hiyo, nayo ilikuwa imefungwa ndani ya bafu na fundi aliyeletwa na mwenye nyumba. Asubuhi moja ya Julai, binti yangu aliingia kuoga akiwa amefunga dirisha kwa sababu ya baridi, na baada ya dakika kumi tukasikia kishindo. Tulimkuta sakafuni. Alipopelekwa nje alizinduka, na daktari akatueleza kwamba alikuwa amevuta kaboni monoksaidi, hewa ambayo hutokea gesi inapoungua penye oksijeni haba, isiyo na rangi wala harufu, na ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua kuwa kuna tatizo. Harufu inayowekwa kwenye gesi ya mtungi haisaidii hapo, kwa kuwa kinachoua si gesi inayovuja.

Hita ya gesi ifungwe ukutani kwa nje, penye kivuli cha paa na upepo wa kutosha, na maji ya moto pekee ndiyo yaingie bafuni kwa bomba. Ikiwa hilo haliwezekani katika nyumba yako, basi usiwe nayo. Sisi sasa tunatumia hita ya jua, na siku za mawingu tunawasha umeme kwa saa moja tu.

Mkazi wa Njiro aliandika:

Ninawashukuru nyote. Mwenyeji wa Ngong, pole sana kwa yaliyomkuta binti. Nimemsomea mke wangu maelezo yako, naye ameamua hapo hapo kwamba hita ya gesi haitaingia kwetu, hata nje. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: tununue jiko dogo la gesi la pleti mbili na mitungi miwili ya kilo 15, ili mmoja ukiisha usiku mwingine uwepo, jiko la umeme na oveni yake vibaki, jiko la presha litafutwe mwisho wa mwezi. Jiko la Mikocheni nimelikataa kwa adabu.

Fundi, nina maswali mawili yaliyobaki. Je, hita ya umeme inaweza kubanwa vipi bila kumnyima mama maji ya moto? Pia, mahali pekee nje ya jiko penye kivuli ni kando ya ukuta wa nyuma, mita moja tu kutoka kwenye chemba ya maji machafu. Mtungi unaweza kukaa hapo?

Fundi Mstaafu alijibu:

Ndugu, kuhusu hita, ishushe themostati kutoka 60, au hata 70 kama wengi wanavyoikuta, hadi nyuzi 55, ulivike tangi na bomba linalotoka humo gamba la kuhifadhi joto, na ufungiwe swichi ya saa iwake kwa muda maalumu alfajiri na jioni. Uniti zile zinazopotea tangi likiwa limekaa bure zitapungua kwa sehemu kubwa. Usishuke chini ya 55, kwani maji ya vuguvugu yanayokaa tangini siku nyingi hukuza vijidudu. Mama mwenye umri mkubwa akitaka kuoga mchana, awashe kwa mkono. Baadaye, ukipata fedha, nenda kwenye hita ya jua kama alivyosema mwenzetu wa Ngong. Kwa hesabu za Arusha hiyo ndiyo itakayokutoa kwenye uniti 145.

Mahali pa mtungi ulipopataja, hapana. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa chini kama maji, na ikiingia kwenye chemba hukaa humo ikisubiri cheche. Uwe angalau mita mbili kutoka kwenye chemba, mfereji, mlango na dirisha la chini, na mbali na swichi na soketi za nje. Kama ukuta huo ni mrefu, sogea upande wa pili na ujenge kibanda kidogo cha matofali chenye mlango wa wavu na matundu usawa wa sakafu. Kisiwe kabati lililozibwa. Mitungi isimame wima, ikae juu ya zege, isilazwe hata siku moja, kwa sababu ikilazwa gesi hutoka ikiwa bado ya maji na kuingia kwenye regulita.

Kutoka kibandani hadi jikoni tumia bomba la shaba lililoshikiliwa ukutani, lenye koki ya kufungia ndani mahali ambapo mpishi anaifikia bila kuuvuka moto. Mpira wa gesi uwe ni ule wa kipande cha mwisho tu, usiozidi mita moja na nusu, uliobanwa kwa klipu za chuma ncha zote mbili, na ubadilishwe kulingana na tarehe iliyochapwa juu yake hata kama unaonekana mzima. Asubuhi za baridi za Julai mtungi unaweza kutoa jasho na moto ukapungua kabla gesi haijaisha. Usiumwagie maji ya moto wala kuusogeza karibu na jiko, badilisha uweke wa pili na kuuacha huo upate joto.

Nyaya za jiko la umeme zibaki, kwa kuwa jiko lenyewe linabaki. Ila usiliweke jiko la gesi chini ya soketi, na uwafundishe watoto kwamba wakinusa gesi wasiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima, bali wafungue milango, watoke nje na kufunga koki ya mtungi.

Fundi akimaliza, usimwachie aondoke kabla hajapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kuanzia kwenye regulita hadi nyuma ya jiko, koki zikiwa wazi na pleti zikiwa zimefungwa. Akitoa kibiriti ili apime kwa moto, mlipe nauli yake na utafute mwingine. Povu likikaa dakika moja bila kutoa mapovu mapya, washeni mpike.